Aliyenunua Hisa Zisizopanda

Adalbert alimwita marehemu Alfani muuaji mbele ya geti la bandari ya Kalemie, kwa kipaza sauti, watu wamejaa mpaka kwenye reli.

Adalbert alikuwa mkurugenzi wa Kinga ya Ziwa, kampuni ndogo ya bima iliyoanzishwa na wafanyabiashara wa mji wenyewe, na wafanyabiashara hao ndio waliokuwa wenye hisa. Boti ya Alfani ilikuwa imezama naye karibu na Mpala, ikielekea Moba na saruji, mafuta ya mawese na abiria. Bima yake ilikuwa ya Kinga ya Ziwa. Kwa hiyo watu walikuja bandarini kusikia kama kampuni italipa boti na waliokufa.

"Kampuni hailipi," Adalbert akasema. "Boti ilipakiwa kupita kiasi. Mwenye boti alitamani faida, akaua watu. Mukiwa na la kuuliza, mukaulize kwake."

Wakaenda kuuliza. Mouna, mjane wa Alfani, alikuwa ameketi chini katikati ya wanawake wa msikitini mawe yalipoanza kugonga bati. Alisogea dirishani. Miongoni mwa waliorusha alimwona Huguette, mwanamke wa Moba ambaye mume wake, Serge, alizama na boti ile. Huguette alikuwa analia huku anaokota jiwe jingine. Mouna alimtazama bila kumchukia. Chuki yake yote ilikwenda kwa mtu mmoja, yule wa kipaza sauti, ikatulia pale, ikakaa.

Alipotoka eda alikwenda bandarini kumtafuta Déogratias, mkaguzi wa Kinga ya Ziwa. Kila boti yenye bima ya kampuni ilipimwa na Déogratias kabla ya kung'oa nanga, na bila ruhusa yake haikutoka. Alimkuta nyuma ya magunia ya unga. Alipomwona, mwanamume yule alivua kofia.

"Mama Mouna, pole sana."

"Pole yako nimeisikia. Nataka kujua. Siku ile boti ilijaa kupita?"

Déogratias akageuza uso upande wa ziwa. "Hapana, mama. Njo mimi niliipima. Alama ya mzigo ilionekana vizuri juu ya maji. Papa Alfani hata alikataa mizigo ya watu wawili, wakamtukana. Ilikuwa upepo tu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Papa Direkta aliniita kwenye biro, ofisini kwake. Alisema tukilipa boti ile na watu wale, mwaka huu wenye hisa hawapati kitu, na wasipopata kitu watamufukuza yeye. Na yeye akifukuzwa, mimi natangulia." Akaikunja kofia mikononi. "Niko na watoto, mama. Kazi ingine hapa Kalemie iko wapi?"

"Twende tribinali ukaseme."

"Siwezi."

Mouna alikwenda mahakamani peke yake. Wakili alimla pesa, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwishoni hata faili halikuonekana. Sokoni watu waliendelea kumnyooshea kidole: yule njo mke wa muntu aliyezamisha watu. Mwanamke mmoja alirudisha kitenge alichokwisha kununua kwenye meza yake, kwa sababu aliambiwa muuzaji ni nani.

Mwaka ule ule Kinga ya Ziwa ikatangaza gawio nono kuliko miaka yote iliyotangulia.

Mouna mwenyewe alikuwa na hisa. Baba yake, mzee Mosi, alikuwa mmoja wa waanzilishi, na alipofariki hisa zake zilirithiwa na Mouna na kaka yake Twahiri. Kila mwaka kampuni ilipofunga hesabu, faida iligawiwa, na kila mwenye hisa alipata gawio lake mkononi. Mouna alikuwa akilipokea na kushukuru, kama wengine. Safari hii Twahiri alimletea bahasha nyumbani, uso umemeremeta.

"Dada, mwaka huu tumepata. Angalia uzito wake!"

Mouna aliifungua bahasha, akaziangalia noti. Ghafla akaelewa alichokishika. Faida ilikuwa nene kwa sababu kuna boti haikulipwa. Kuna watu hawakulipwa. Pesa ya kumzika Alfani kwa heshima, ya kumrudishia jina, iligeuzwa gawio ikakatwa vipande, na kipande kimoja kimerudi kwake.

"Unaona mbaya?" Twahiri akauliza. "Kama hutaki, nipe mimi."

"Nataka," Mouna akasema. "Nitanunua hisa nyingine."

Twahiri akacheka. "Hisa? Dada, kula gawio, hisa yenyewe iache. Baba alinunua hisa moja kwa bei gani? Na leo ni bei gani? Ile ile! Viwanja vya Lubuye vimepanda, mchele umepanda, mpaka ndagala, samaki wadogo wale, zimepanda. Hisa ya Kinga ya Ziwa imelala chini."

"Na unajua kwa nini imelala?"

"Inanihusu nini? Gawio linakuja."

Mouna alijua. Alikuwa amekwisha kufikiri sana juu ya jambo hilo, kwa sababu mtu anayemchukia mwenzake humchunguza. Adalbert aligawa kila kilichopatikana. Hakuweka akiba ya siku mbaya, hakufungua biro Moba wala Uvira, hakuanza bima ya ng'ombe ambayo wafugaji wa Pepa walikuwa wanaililia. Kampuni ilikuwa vile vile kama siku ilipozaliwa, na mwenye akili hanunui kwa bei ya juu kitu ambacho hakikui. Isitoshe, waliojua bima walinong'ona kwamba mwaka mmoja wa dhoruba unatosha kuiua. Lakini gawio lilikuwa tamu, na utamu huo ndio uliowaziba wenye hisa midomo. Hakuna aliyemuuliza mkurugenzi swali lolote huku anatafuna.

Basi Mouna akaanza kununua. Mzee mmoja alikuwa anahamia kwa mwanawe Lubumbashi, alitaka kuuza, na hakuna aliyemjibu. Mouna alizinunua. Warithi fulani wa Ankoro walikuwa wanagombania hisa za baba yao, wakaona heri wagawane pesa. Mouna aliwapelekea pesa. Kila mauzo yalipaswa kutiwa sahihi na mkurugenzi, kwa hiyo kila aliponunua ilimbidi aende kukaa mbele ya meza ya Adalbert.

Mara ya kwanza Adalbert alimkaribisha kiti, akamwagizia soda.

"Mama Mouna, umefanya vizuri," akasema kwa upole. "Yaliyopita yamepita. Mjane anahitaji kitu cha kumlea, na gawio letu litakulea. Wengine wanalalamika eti bei haipandi. Bei inaliwa? Chakula njo gawio."

"Ni kweli, Papa Direkta," Mouna akajibu. "Asante kwa soda."

Alitabasamu. Tangu siku hiyo tabasamu lile likawa rahisi. Adalbert alimzoea, akaamini amemsamehe, na wakati mwingine alimtaja mbele za watu kama mfano wa mama mwenye busara.

Miaka ikapita namna hiyo. Mouna aliuza vitenge vilivyovuka kutoka Kigoma, akala kidogo, akavaa vya zamani. Kila gawio lililoingia lilitoka siku chache baadaye kununua hisa nyingine, na kwa kuwa bei haikusogea, gawio la kila mwaka lilinunua nyingi kuliko la mwaka uliopita. Wenye hisa wengine waliomba bei ipande. Yeye aliomba ilale. Katika sala zake alikuwa na aibu kidogo kwa dua hiyo, lakini aliiomba.

Ikafika wakati akawa na karibu nusu ya kampuni, na hapo akakwama. Waliobaki walikuwa watu wa gawio, hawauzi. Twahiri alimwambia wazi hatapiga kura ya kumwondoa Adalbert. Mafungu yote ya hisa yalikwisha kuonyesha upande wao isipokuwa moja: hisa alizoacha Serge. Zilikuwa mkononi mwa Huguette.

Mouna alimkuta Huguette uani kwake, anapepeta mahindi yaliyoshuka kutoka Moba. Huguette alisimama, ungo mkononi, hakumkaribisha.

"Wewe unafuata nini hapa?"

"Nataka kununua hisa zako. Nitakupa zaidi ya bei."

"Muke wa Alfani anataka kununua kitu cha Serge." Huguette akaweka ungo chini polepole. "Toka."

"Nisikilize kwanza. Hisa hizo hazikui, Mama Huguette. Miaka yote hii bei ni ile ile. Ukiziuza leo kwa bei yangu, unanunua kiwanja, na kiwanja kitapanda."

"Kiwanja kitalipa minerval ya shule mwezi wa tisa? Gawio linalipa. Watoto wangu wanasoma kwa gawio lile. Unaniambia bei, bei. Mimi sili bei."

"Na unajua gawio lako linatoka wapi?"

"Kwenye kazi ya kampuni."

"Linatoka kwa Serge," Mouna akasema. "Kampuni ilipaswa kukulipa kwa ajili yake. Ukalipwa? Ile pesa ilikwenda wapi? Ilitiwa kwenye faida, ikagawiwa. Wanakupa kidogo kidogo kila mwaka, na unasema asante."

Huguette alimkaribia mpaka pumzi zao zikakutana. "Serge aliuawa na bwana yako. Boti ilijaa."

"Haikujaa. Déogratias aliipima. Alinyamazishwa."

Kuku walikuja kudonoa mahindi ya kwenye ungo, na hakuna aliyewafukuza.

"Sikuuzii," Huguette akasema mwishoni. "Hata uniletee dhahabu. Lakini nitakuja kwenye mkutano. Kama Déo atasimama mbele ya watu na kusema hilo neno kwa mdomo wake, kura yangu utaiona. Kama hatasema, nitakurushia mawe tena, na safari hii sitakosa."

Mouna akaenda moja kwa moja bandarini. Wakati wa kumbembeleza Déogratias ulikuwa umekwisha. Alimkuta anakagua boti ya ndagala, akamngoja ashuke.

"Siku ya mkutano utasema ulichoniambia."

"Mama, nilikuambia siwezi. Papa Direkta—"

"Nisikilize vizuri, Papa Déo. Nina karibu nusu ya kampuni. Mwaka huu nikishindwa, nitamngoja wa kwanza kuhama au kufa, na gawio litaninunulia kipande chake. Mwakani au mwaka ule mwingine, kampuni itakuwa yangu. Unamwogopa Adalbert kwa sababu anaweza kukufukuza. Basi niogope mimi. Siku nitakayoingia kwenye ile biro, kabla sijaketi, nitakufukuza wewe. Na nitakwenda kwa kila mwenye boti kutoka hapa hadi Uvira kumweleza kwa nini."

Déogratias alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Mama Mouna, wewe ulikuwa muntu wa huruma."

"Nilikuwa."

Aliondoka bila kumpa nafasi ya kujibu. Njiani, juu ya pikipiki, alijua amemfanyia Déogratias kile kile ambacho Adalbert alimfanyia: kumtisha kwa kazi yake. Alijua, na hakugeuka nyuma.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kukodi karibu na stesheni. Feni zilizunguka polepole, wenye hisa wakaketi kwa familia zao. Adalbert alivaa suti ya kijivu. Alisoma hesabu, akafika kwenye gawio, akatua kidogo kabla ya kulitaja, kama mtu anayejua wapi atapigiwa makofi. Akapigiwa. Twahiri alipiga kwa mikono miwili juu ya kichwa.

Mouna akasimama.

"Papa Direkta, nina swali. Boti mbili zikizama wiki hii, tutalipa kwa pesa gani?"

"Mama, Mungu atuepushe—"

"Mungu atuepushe. Akiba iko wapi?"

Watu wakageuza vichwa. Adalbert akacheka kidogo. "Wenye hisa walichagua gawio. Kama munataka tuweke akiba, basi gawio litapungua. Nani hapa anataka gawio lipungue?"

Hakuna aliyeinua mkono. Kutoka nyuma mtu alisema, "Mama, keti chini, utuache tule!" Watu wakacheka.

Mouna hakuketi. "Bei ya hisa zetu haipandi, na Papa Direkta anatuambia gawio linatosha. Mimi nataka mujue linavyopikwa. Papa Déogratias, simama."

Déogratias alikuwa kwenye kiti cha wafanyakazi, karibu na mlango. Hakusimama. Adalbert alimtazama kwa macho tu. Mouna alimtazama pia. Upande wa kushoto Huguette alikuwa ameegemea mbele, viganja magotini. Mouna akafikiri: hatasema, nimekwisha.

Déogratias akasimama.

"Boti ya Papa Alfani haikujaa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata waliokaa nyuma wakaomba arudie. Akarudia kwa nguvu. "Haikujaa! Njo mimi niliipima. Niliitwa kwenye biro, nikaambiwa ninyamaze, ili gawio lisikatwe. Watu wale walipaswa kulipwa. Na boti mbili za Moba mwaka uliofuata, vile vile. Nimenyamaza mpaka nimechoka."

"Huyu mulevi—" Adalbert akaanza.

"Nyamaza wewe!" Alikuwa Huguette. Alitembea mpaka mbele, akasimama karibu naye, na kwa muda ukumbi mzima ulidhani atampiga. "Ulinituma nyumbani kwa mwanamuke aliyefiwa," akamwambia. "Nilibeba mawe kwa mikono hii. Wewe ulijua, na ukaniacha niende."

Kura ya kumwondoa mkurugenzi ikapigwa pale pale. Familia za gawio zilishikamana na Adalbert, Twahiri akiwa miongoni mwao, anakwepa macho ya dada yake. Hazikutosha. Kura za Huguette ndizo zilizomwangusha, na Mouna akachukua kiti chake.

Wengine wangeishia hapo. Mouna alimwita Adalbert faragha, akampa njia mbili: aende mahakamani na Déogratias akiwa shahidi, au aende getini mwa bandari, kwa kipaza sauti, akaseme kweli. Adalbert alichagua geti. Ilikuwa siku ya soko, boti zinapakia. Alisema kwamba Alfani hakuua mtu, kwamba boti haikujaa, kwamba yeye Adalbert alidanganya kwa ajili ya faida. Alitaka kusema haraka. Mouna, aliyekuwa amesimama karibu, akamwambia, "Hawajasikia wa nyuma. Rudia." Akarudia. Wachukuzi waliacha mizigo yao kumsikiliza. Mtu mmoja akatema mate chini. Alipomaliza, alimnyooshea Mouna mkono, na Mouna akauacha ukining'inia hewani mpaka akaushusha mwenyewe.

Furaha aliyoipata siku ile ilikuwa kubwa, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Alirudi nyumbani kwake, mtaa wa Kataki, akapika pilau, akala sahani mbili.

Kazi iliyofuata haikuwa na pilau. Kampuni ililazimika kuwalipa waliofiwa, polepole, na kuanza kuweka akiba. Mwaka ule hapakuwa na gawio, na Mouna alitangaza kwamba mwaka unaofuata huenda lisiwepo pia. Waliokuwa wakimheshimu wakamlaani. Wengine walijaribu kuuza, na bei ikashuka chini hata ya ile aliyolipa mzee Mosi. Twahiri alikuja kumwambia kwamba amevunja nyumba ya baba yao.

"Baba alitaka kampuni," Mouna akamjibu. "Nyinyi mulitaka bahasha."

"Ungetaka kampuni ungekuja kwetu kwa upole. Wewe ulitaka Adalbert."

Mouna alijua kaka yake amesema kweli. Tangu hapo wakawa wanakutana kwenye sikukuu tu, wanaamkiana mbele ya watoto.

Huguette alilipwa fungu la Serge, akalipa minerval ya mwaka mzima. Alipokutana na Mouna sokoni aliinamisha kichwa, akapita. Siku moja alisimama kwenye meza yake, akachagua kitenge, akalipa bila kupunguziwa, akaondoka nacho chini ya kwapa. Hawakuwa marafiki.

Kisha Adalbert akaja. Naye alikuwa na hisa, nyingi kiasi, alizojilimbikizia miaka ya utamu. Alimkuta Mouna kwenye biro, bima ya ng'ombe wa Pepa ikiwa imeanza kuandikwa. Alikuwa amekonda. Alibaki amesimama kwa sababu hakuambiwa aketi.

"Mama Mouna, nataka kuhama na familia. Kalemie hainitaki tena. Nunua hisa zangu. Hata kwa nusu ya bei."

"Sinunui."

"Hazinipi kitu. Hakuna gawio."

"Najua."

"Na bei inashuka."

"Najua pia. Labda itapanda, tukijenga akiba na biro ya Moba ikifunguliwa. Miaka mitano, kumi. Bima ni biashara ya kungoja."

"Mimi siwezi kungoja miaka kumi! Nani mwingine wa kuzinunua hapa Kalemie?"

"Hakuna," Mouna akasema. "Nimekwisha kuuliza kote. Niliuliza kwanza ili niwe na hakika."

Adalbert akageuka, akatoka, na Mouna alimsikia anashuka ngazi polepole kama mtu aliyebeba kitu. Alingoja aone huruma ikimwingia moyoni, japo kidogo. Haikuingia. Akamwita Déogratias kutoka chumba cha pili, wakaendelea na ng'ombe wa Pepa.